Kazi ya mfiziotherapia haiishii kwenye goti

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tatu za Australia na New Zealand. Wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri kupasuliwa sehemu ya juu ya tumbo waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipewa kijitabu cha maelezo. Kundi la pili lilipewa kijitabu hicho hicho, kisha kila mgonjwa akakaa na mfiziotherapia, mtaalamu wa tiba ya viungo na mazoezi, kwa nusu saa, mara moja tu, kabla ya upasuaji. Katika nusu saa hiyo alielezwa kwa nini mapafu huugua baada ya tumbo kupasuliwa, akafundishwa kuvuta pumzi ndefu, akaagizwa aanze zoezi hilo mara tu atakapozinduka kutoka kwenye nusukaputi. Ndani ya wiki mbili baada ya upasuaji, matatizo ya mapafu, nimonia ikiwemo, yaliwapata asilimia 27 ya waliopewa kijitabu peke yake. Kwa waliokaa na mfiziotherapia ilikuwa asilimia 12.

Hapakuwa na dawa mpya wala mashine. Kilichobadilika ni namna mgonjwa alivyopumua katika saa zile za kwanza. Kidonda cha tumbo huuma, na anayeumwa hupumua juu juu. Sehemu za chini za mapafu hunywea, makohozi hutuama humo, na bakteria hupata mahali pa kuzaliana bila bughudha. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuwa na seli za kinga zisizo na kasoro yoyote kwa vipimo vya damu, na bado akapata nimonia kwa sababu mwili wake umetulia mno.

Nimeanzia hapo makusudi. Siku hizi anayezungumzia kinga ya mwili aghalabu anazungumzia kitu cha kumeza: kidonge, unga, kinywaji. Fiziotherapia nayo ikitajwa huwekwa upande wa mifupa na misuli, yaani goti, mgongo, bega lililokakamaa. Mgawanyo huo naona umetupotosha. Mfiziotherapia ana nafasi katika afya ya kinga kubwa kuliko anayopewa, na pengine kubwa kuliko anayoidai mwenyewe. Ila nafasi hiyo haitokani na ufundi wowote maalumu wa kinga. Inatokana na kazi yake ya siku zote, ya kumrudisha kwenye mwendo mtu aliyekalishwa na maumivu, hofu au ugonjwa.

Kwanza tuweke sawa hili la kinga. Maneno "kuongeza kinga" yameuza bidhaa nyingi kuliko yalivyoeleza jambo. Mfumo wa kinga hauna kipimo kimoja kinachopanda na kushuka. Ni mkusanyiko wa seli, tezi, protini, ngozi na ute wa njia ya hewa, na karibu kila sehemu ina kichocheo chake na breki yake. Mtu mwenye baridi yabisi au lupus hasumbuliwi na kinga hafifu. Kinga yake ndiyo inayoshambulia viungo vyake mwenyewe. Ukimwahidi kumwongezea kinga, unamtakia mabaya bila kujua. Lengo la busara ni kinga inayoamka inapohitajika na kutulia kazi inapokwisha, na hapo ndipo mazoezi yanapoingia.

Ukitembea kwa kasi hadi moyo uanze kwenda mbio, adrenalini hupanda na damu huzunguka kwa nguvu zaidi. Seli nyeupe zilizokuwa zimejishikiza kwenye kuta za mishipa na ndani ya wengu huingia kwenye mzunguko wa damu, hasa zile zenye kazi ya kutambua na kuua seli zilizoambukizwa virusi. Ukipumzika, ndani ya saa moja au mbili idadi yake kwenye damu hushuka, wakati mwingine hata chini ya pale ilipoanzia.

Mshuko huo ulizua mabishano makubwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 ulisomwa kama dalili ya kinga kulala, kwamba baada ya zoezi zito mwili hubaki wazi kwa saa kadhaa na virusi huingia. Waliokuwa na hoja hiyo walikuwa na ushahidi wa mbio za marathoni za Los Angeles za mwaka 1987: katika wiki iliyofuata, asilimia 12.9 ya waliokimbia walisema wamepata mafua au maambukizi kama hayo, ilhali kwa wakimbiaji walioandaliwa vilevile lakini hawakushiriki ilikuwa asilimia 2.2. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Bath, John Campbell na James Turner, waliupinga usomaji huo. Walisema seli zinazopotea kwenye damu hazijafa wala hazijalala. Zimehamia kwenye tishu, kama vile mapafu na utumbo, ambako wadudu wa maradhi hukutwa. Na mkimbiaji wa marathoni hukutana na mengine mengi: umati, safari, usiku wa usingizi haba, wasiwasi. Tena dalili alizoziripoti mwenyewe hazikuthibitishwa maabara. Mimi naegemea upande wao, ingawa kwa mgonjwa wa kliniki ya fiziotherapia ubishi wote huu hauna uzito. Yeye hakimbii kilomita 42. Anahangaika kupanda ngazi.

Kwa mtu kama huyo jambo kubwa liko kwenye misuli. Watafiti wa Copenhagen wakiongozwa na Bente Klarlund Pedersen walionyesha kwamba msuli unaofanya kazi humwaga kwenye damu protini za mawasiliano, interleukini-6 ikiwa maarufu zaidi, ambazo huamsha protini nyingine zenye kazi ya kutuliza mchochota. Mchochota ni ile hali ya mwili kupambana: wekundu, joto, uvimbe. Ukiwa wa muda mfupi huponya kidonda. Ukiwa mdogo, wa chinichini, usiokoma kwa miaka, huharibu mishipa ya damu, huvuruga kazi ya insulini, na huifanya kinga ijibu kwa uvivu maambukizi mapya yanapokuja. Mafuta yaliyojirundika tumboni kuzunguka ini na utumbo huuchochea mchochota huo kila saa. Msuli unaotumika huuzima kidogo kidogo. Kwa hiyo mazoezi ya kuimarisha mapaja ambayo mgonjwa anadhani amepewa kwa ajili ya goti tu yanafanya kazi nyingine asiyoiona. Vilevile limfu, maji yanayobeba seli za kinga kutoka tezi moja hadi nyingine, haina moyo wa kuisukuma kama damu. Hutegemea kwa sehemu kubwa misuli inayokaza na kulegea na mbavu zinazopanda na kushuka.

Kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018 unaopendwa sana kwenye mada hizi. Ulipima waendesha baiskeli 125 wenye umri wa miaka 55 hadi 79 na kukuta kwamba tezi zao za thaimasi, zinazokomaza seli za T (aina ya seli nyeupe za kinga) na ambazo kwa kawaida hunywea kadiri mtu anavyozeeka, zilikuwa bado zinatoa seli mpya kwa kiwango kinachokaribia cha vijana. Matokeo mazuri. Lakini wanaume wa kundi hilo ilibidi waweze kuendesha kilomita 100 ndani ya saa sita na nusu ili wakubaliwe. Ukimsimulia habari hizo mzee aliyevunjika nyonga mwezi uliopita, unamchokoza.

Ushahidi wa watu wa kawaida una unyenyekevu zaidi, na ndio ninaouamini. Uchambuzi ulioongozwa na Sebastien Chastin wa Glasgow, uliotoka mwaka 2021, ulikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba wanaofanya mazoezi mara kwa mara wana hatari ndogo kwa asilimia 31 ya kupata magonjwa ya kuambukiza katika jamii, na hatari ndogo kwa asilimia 37 ya kufa kwa magonjwa hayo. Mwaka huo huo, kumbukumbu za wagonjwa 48,440 wa UVIKO-19 huko California ya kusini zilionyesha kwamba wasiojishughulisha kabisa walilazwa na kufa kwa zaidi ya mara mbili ya wale waliozoea kufikisha dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Tafiti za namna hii zina tatizo lisilokwepeka: mwenye afya njema ndiye mwenye uwezo wa kufanya mazoezi, hivyo si rahisi kujua kipi kimezaa kipi. Watafiti hujitahidi kulirekebisha hilo kwa hesabu na hawawezi kulimaliza. Na hakuna hata mmoja kati yao anayesema mazoezi yanachukua nafasi ya chanjo. Mfiziotherapia anayesema hivyo, nao wapo, anapaswa kukanywa na wenzake.

Sasa, kama faida hizi zinajulikana, kwa nini watu hawatembei? Si habari mpya. Mwaka 1953 Jerry Morris alionyesha jijini London kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, waliugua moyo kwa nadra kuliko madereva waliokaa kwenye mabasi yale yale. Tumekuwa na zaidi ya miaka 70 ya kulisikia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, kama watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho. Mpango wa dunia ulitaka idadi hiyo ipungue ifikapo 2030. Badala yake makadirio ya shirika hilo ni kwamba, kwa mwendo tulio nao, itafika asilimia 35.

Wengi huwalaumu watu kwa uvivu. Mimi natazama ni nani wamo katika hao bilioni 1.8. Yumo mwenye goti linalouma kila akishuka ngazi, ambaye ameambiwa kwamba "limesagika" na tangu siku hiyo analitunza kwa kutolitumia. Yumo aliyepatwa na kiharusi akarudi nyumbani akitembea kwa kukokota mguu, na familia kwa upendo ikamzuia kufanya lolote. Yumo mwanamke aliyeacha mazoezi baada ya kujifungua kwa sababu akiruka au akikohoa mkojo humtoka, na hajamwambia mtu. Yumo mzee aliyeanguka mara moja bafuni. Mfupa haukuvunjika, ila tangu hapo anaogopa hata uwanja wa nyumba yake. Yumo mwenye ugonjwa wa mapafu anayekosa pumzi akitembea, akadhani kukosa pumzi maana yake anakufa. Kumwambia yeyote kati ya hawa "fanya mazoezi nusu saa kila siku" ni kumpa agizo asiloweza kulitii, kisha kumwongezea aibu.

Hawa ndio wanaofika kwa mfiziotherapia. Hilo pekee linampa nafasi ambayo mwalimu wa mazoezi hana, kwa kuwa wanaokwenda kwa mwalimu wa mazoezi tayari wameshaamua. Na ana kitu kingine ambacho daktari wa zamu hana: muda. Utafiti wa mwaka 2017 uliokusanya takwimu za nchi 67 ulikuta kwamba katika nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani, mgonjwa hukaa na daktari wa huduma ya msingi kwa dakika tano au chini ya hapo. Mfiziotherapia hukaa na mgonjwa nusu saa, wiki hii na wiki ijayo na nyingine tena. Anamshika mguu. Anamwona akivua viatu na kuinuka kwenye kiti, mambo yanayomwambia mengi kuliko picha ya eksirei. Na wakati mikono inafanya kazi, watu huzungumza. Humo humo hutoka habari za usingizi, sigara, uzito na upweke.

Ufundi wenyewe hauna mbwembwe. Mgonjwa wa goti huanzishiwa dakika tano za kutembea mahali tambarare, na kuketi na kuinuka kwenye kiti mara nane au kumi, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani. Hufundishwa kwamba maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana maana kwamba kuna kitu kinachanika, mradi yatulie ndani ya siku moja. Huonyeshwa kipimo rahisi cha kasi: akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, amefika kwenye mwendo wa wastani. Kama ana uzito mkubwa huelezwa jambo ambalo wengi huwa hawajalisikia, kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne katika kila hatua. Wiki inayofuata anaongezewa kidogo. Ni kazi ya kuchosha, ya kurudia-rudia, na mafanikio yake hayapigwi picha.

Upande wa pili wa jambo hilo hilo ni hatari ya kulala. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la JAMA lilieleza jaribio ambalo wazee 12 wenye afya walikubali kulala kitandani siku kumi. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima! Mzee aliyelazwa kwa homa hupoteza zaidi, kisha huruhusiwa akiwa dhaifu kuliko alivyoingia na kuwa tayari kwa maambukizi yanayofuata. Wodi inayomwinua mgonjwa akakae kwenye kiti siku ya pili inafanya kazi ya kinga, hata kama kwenye jalada imeandikwa "mazoezi ya viungo".

Usingizi nao unastahili swali moja katika kila ziara. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani waliwawekea virusi vya mafua puani watu 164 waliojitolea. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walipata mafua kwa zaidi ya mara nne ya waliolala zaidi ya saa saba. Anayeumwa mgongo au bega halali vizuri, na asiyelala vizuri huumwa zaidi. Kumtafutia mlalo wenye nafuu na mto wa kuweka katikati ya magoti kunaweza kuonekana kama jambo dogo, na ni dogo kweli, ila hakuna mwingine katika safari yake ya matibabu atakayelifanya. Kuhusu sigara sina la kuongeza: aulizwe, aelezwe, aelekezwe kwenye huduma ya kuacha. Dakika mbili zinatosha.

Kinachokera ni kwamba haya hayafanyiki kwa upana unaowezekana, na sababu kubwa haiko kwa mgonjwa. Kliniki nyingi hulipwa kwa kiungo na kwa kikao. Bima huuliza bega limeinuka nyuzi ngapi. Haiulizi kama mwenye bega anatembea. Maumivu yakiisha faili hufungwa, na hufungwa siku ile ile ambayo mtu huyo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, ana mwili unaoweza kuanza mazoezi ya kweli. Naona huo ni upotevu mkubwa kuliko wote katika taaluma hii. Kisha kuna mapenzi ya mashine. Mgonjwa hulazwa kifudifudi chini ya taa ya joto au waya za umeme dakika ishirini, anapata raha, anarudi nyumbani akiwa na imani kwamba dawa iko kwenye mashine. Sikatai raha. Ila kila dakika ya kitanda inatolewa kwenye dakika za kufundishwa.

Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba mizizi ya kazi hii haikuanza hivyo. Taasisi aliyoianzisha Per Henrik Ling mjini Stockholm mwaka 1813 ilifundisha mazoezi kwa wazima na wagonjwa chini ya paa moja. Baadaye, wauguzi wanne wa London walipounda chama chao mwaka 1894, kilikuwa chama cha wakandaji. Vita vya Kwanza vya Dunia na polio vikaisukuma fiziotherapia kwa nguvu upande wa kurekebisha kilichoharibika, na mahitaji yalikuwa ya kweli. Katika miongo ya karibuni wapo waliotaka mizani irudi. Elizabeth Dean wa Chuo Kikuu cha British Columbia amekuwa akihimiza kwamba afya kwa jumla iwe sehemu ya kila tathmini ya mfiziotherapia. Hoja yake ni sahihi, lakini mitaala bado huipa somo moja la pembeni.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito: kwamba tunamtwisha mizigo mtu ambaye tayari hatoshi. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wataalamu wa utengamao, yaani huduma za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, wakiwemo wafiziotherapia, hawafiki kumi kwa kila watu milioni moja, ilhali duniani kote watu bilioni 2.4 wana hali ambayo huduma hiyo ingewafaa. Anayehudumia foleni ya watu arobaini hawezi kuuliza habari za usingizi. Jibu langu ni kwamba uhaba huo ndio sababu ya kupunguza vikao vya mmoja mmoja vya mashine na kuweka madarasa ya pamoja, watu kumi au kumi na watano wenye magoti, au wenye kisukari, au waliopona kiharusi, wakiongozwa na mtaalamu mmoja na kufundishwa kuendelea bila yeye.

Pingamizi lingine ni zito zaidi, nalo linahusu bidii iliyopita kiasi. Wapo ambao mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua huwaumiza. Oktoba 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliacha kuyapendekeza kwa wenye uchovu sugu unaojulikana kama ME, baada ya miaka mingi ya wagonjwa kulalamika kwamba kila wakijisukuma wanaanguka upya na kulala kitandani kwa siku. Miezi michache kabla, shirikisho la World Physiotherapy lilikuwa limetoa tahadhari kama hiyo kwa baadhi ya wenye athari za muda mrefu za UVIKO-19. Kwa hao kazi ya mfiziotherapia ni kuwafundisha kupima nguvu walizonazo na kusimama kabla hazijaisha. Mwalimu wa mazoezi mwenye ari angewaambia waongeze bidii. Uwezo wa kutofautisha nani asukumwe na nani azuiwe ndio unaoitwa utaalamu, na ndio sababu jukumu hili halipaswi kuachiwa kila mwenye filimbi shingoni.

Wanaotaka kuanza hawahitaji waraka wa wizara. Tathmini ya kwanza iulize mambo manne zaidi ya kiungo kinachouma: dakika za kutembea kwa wiki, saa za usingizi, sigara, na kama chanjo zimekamilika. Kikao cha mwisho kihamie kwenye mpango wa miezi mitatu ijayo: mgonjwa atatembea wapi, na nani, siku zipi, na afanye nini maumivu yakirudi. Kisha mtu wa mapokezi apige simu baada ya miezi hiyo mitatu aulize swali moja: bado unatembea? Majibu yaandikwe na wenye bima waonyeshwe, pembeni ya zile nyuzi za bega.